Mzio, Mkereketo na Unyeti: Istilahi za Jaribio la Awali Kabla ya Kuunga Kope

Utangulizi

Kazi ya kuunga kope imeenea katika saluni za miji yetu, na pamoja nayo zimekuja karatasi nyingi za kusomwa: maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa za gundi, fomu za mteja kutia sahihi, vitabu vya mafunzo ya mafundi, na maonyo ya wakuu wa afya na viwango. Nyingi ya karatasi hizo zimeandikwa kwa lugha za kigeni. Mfasiri anapopewa kuzifasiri, mwalimu wa ufundi anapozifundisha, na ofisa wa afya anapozitolea mwongozo, kila mmoja hulazimika kujitafutia maneno yake. Matokeo yake ni kwamba jambo moja hupewa majina matatu, na jina moja hubebeshwa mambo matatu.

Katika mambo mengine ya urembo kasoro hiyo ingeweza kuvumiliwa. Hapa haivumiliki, maana kazi yenyewe hufanyika milimita chache kutoka kwenye mboni ya jicho, kwa kutumia gundi yenye nguvu, na mteja akiwa amefumba macho asione kinachotendeka. Mteja huyo hana kinga nyingine ila ufundi wa yule anayemhudumia na maneno aliyoyasoma kabla ya kulala kitandani. Maneno hayo yakiwa na utata, kinga yake imepungua kwa nusu.

Makala haya yanakusudia kueleza dhana zinazohusika na jaribio linalofanywa kabla ya kuunga kope, kuonyesha mahali ambapo wafasiri wengi hujikwaa, na kupendekeza istilahi zinazoweza kutumika katika fomu, vitabu na matangazo. Hatukusudii kumfundisha daktari udaktari wala fundi ufundi wake; lakini haiwezekani kulipa jambo jina lililo sawa pasipo kulijua jambo lenyewe, na kwa hiyo tutaeleza kwanza mambo, kisha majina.

1. Kope, ukope na kigubiko

Tuanze na neno linaloonekana kuwa jepesi kuliko yote. Katika matumizi ya wasemaji wengi neno kope lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ngozi inayolifunika jicho. Ya pili ni nywele zinazoota kwenye ukingo wa ngozi hiyo. Tunaposema mtu amefumba kope tunakusudia ngozi. Tunaposema kope zake ni ndefu tunakusudia nywele. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa kuwa maneno mengine ya sentensi humwongoza msikilizaji.

Katika maagizo ya kazi mambo ni tofauti. Tuchukue sentensi fupi: "Gundi isiguse kope." Msomaji anayefahamu kuwa kope ni nywele ataona agizo hili halina maana, kwa sababu gundi hupakwa hapo hapo kwenye nywele. Huenda akaamua kwamba limekosewa, akalipuuza. Kumbe mwandishi alikusudia ngozi, na agizo hilo ndilo lililo muhimu kuliko yote katika ukurasa mzima. Gundi ikigusa ngozi ya jicho ndipo madhara mengi yanapoanza.

Twapendekeza basi kwamba katika maandishi ya kitaalamu neno ukope, wingi wake kope, litumike kwa nywele peke yake, kama vile tunavyosema unywele na nywele, unyusi na nyusi, ukucha na kucha. Ngozi inayolifunika jicho iitwe kigubiko cha jicho: kigubiko cha juu na kigubiko cha chini. Sentensi yetu sasa itasomeka hivi: "Gundi isiguse kigubiko cha jicho. Ipakwe kwenye ukope tu, na iachwe nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja kutoka kwenye ngozi."

Hali kadhalika yafaa kutenganisha aina za mapambo yenyewe. Mwezi Septemba mwaka 2018, Spika wa Bunge la Tanzania, Job Ndugai, alipowapiga marufuku wabunge wenye kope za bandia na kucha za bandia kuingia bungeni, marufuku hiyo ilihusu kope za bandia kwa jumla. Kwa shughuli ya Bunge ujumla huo ulitosha. Kwa shughuli yetu hautoshi, kwa kuwa zipo kope za utepe, ambazo hubandikwa zote kwa pamoja juu ya kigubiko na kubanduliwa jioni. Na zipo kope za kuunga, ambazo huungwa mmoja mmoja, au kwa vifungu vidogo, juu ya kope za asili na kukaa kwa majuma kadhaa. Kubandika kope na kuunga kope ni kazi mbili, zenye gundi mbili na hatari mbili. Ni kweli kwamba mitaani watu husema kubandika kwa zote. Lakini fomu ya afya haina budi kupambanua.

2. Gundi: kuganda si kukauka

Gundi itumikayo kuungia kope ni ya jamii ya sianoakrilati. Jamii hii iligunduliwa nchini Marekani mwaka 1942 na mwanakemia Harry Coover alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Eastman Kodak, na ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Ndugu wa gundi hiyo ndiye anayeunga vikombe vilivyovunjika na soli za viatu majumbani mwetu. Na ndugu mwingine, aliyetengenezwa kwa uangalifu zaidi, hutumiwa hospitalini kufungia majeraha.

Sifa yake kubwa ni kwamba haikauki kama gundi ya karatasi, ambayo hushika kwa kupoteza maji yake. Sianoakrilati huganda inapokutana na unyevu, hata ule mdogo ulio hewani. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "subiri gundi ikauke" anampa fundi picha isiyo kweli. Fundi wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi, ataona gundi inaganda upesi kuliko alivyofundishwa kitabuni, naye asijue kwa nini. Neno linalostahili ni kuganda.

Kabla ya kuganda gundi hiyo hutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaowaliza wateja wengine machozi hata wakiwa wamefumba macho. Aidha, gundi nyingine huweza kutoa kemikali iitwayo fomaldehaidi. Madaktari wa macho wa Japani walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa wanawake 107 waliofika kutibiwa baada ya kuunga kope. Madhara waliyoyaona zaidi yalikuwa uvimbe wa konea, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni, pamoja na utando wa jicho. Na baada ya hayo, uvimbe wa vigubiko uliotokana na mzio. Tazama kwamba madaktari hao walitenga mambo mawili. Nasi yatupasa tuyatenge.

3. Mzio: neno la zamani katika kazi mpya

Waandishi wengine wamekuwa wakitumia neno aleji. Neno hilo halina ubaya, na wauguzi wengi wanalisema. Lakini lugha yetu ilikuwa na neno lake kabla ya hilo kufika. Mzio ni kitu ambacho mtu hujiepusha nacho, hasa chakula, ama kwa sababu ya mwiko ama kwa sababu kinamdhuru yeye ingawa hakiwadhuru wengine. Mtu alisema, "Pweza ni mzio wangu," na wenyeji wake wakamwandalia mboga nyingine.

Inafaa kuona jinsi maana hiyo inavyokaribiana na ile ya wataalamu. Daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, alipobuni jina la kitaalamu mwaka 1906 aliliunda kwa maneno mawili ya Kiyunani, allos, yaani -ingine, na ergon, yaani kazi au tendo. Alikuwa ameona kwamba watoto waliodungwa dawa ya aina ya seramu kwa mara ya pili walidhurika upesi kuliko mara ya kwanza, kana kwamba mwili uliokwisha kukutana na kitu hicho umebadilika, ukawa unatenda kwa namna nyingine. Hilo ndilo kiini cha dhana: mfumo wa kinga ya mwili unakichukulia kitu kisicho adui kuwa adui, unakikumbuka, na kila kinaporudi unakishambulia. Madhara tunayoyaona, yaani uvimbe, wekundu, upele na malengelenge, ni vumbi la vita hivyo.

Lakini kuna badiliko moja la maana lililotokea neno mzio lilipoingia hospitalini. Zamani mzio ulikuwa kile kitu chenyewe: pweza ni mzio. Siku hizi mzio ni hali ya mtu: fulani ana mzio wa pweza. Badiliko hili si baya, ila limeacha pengo, kwa kuwa sasa tunahitaji neno la kukitaja kitu kinacholeta hali hiyo. Baadhi ya wafasiri wametumia kizio, wingi vizio. Ubunifu huu unafuata kanuni za lugha, lakini unagongana na kizio kilichokwisha kuzoeleka mashuleni kwa maana ya nusu ya dunia, na katika hesabu kwa maana ya kiasi cha kupimia. Mwanafunzi atakayesoma "vizio vilivyomo katika gundi" ataweza kudhani anaelezwa gramu na mililita. Twapendekeza kizuamzio, wingi vizuamzio, kwa mfano wa kiuavijasumu, neno ambalo limekwisha kukubalika. Kwa umma mpana inatosha kusema "kitu kinacholeta mzio".

Mzio nao ni wa namna mbili kwa shughuli yetu. Upo mzio wa papo hapo, ambao hutokea katika dakika chache hadi saa moja hivi, na ambao ukiwa mkali huweza kuvimbisha uso na koo na kumzuia mtu kupumua. Na upo mzio wa kukawia, ambao hujitokeza baada ya siku 1 hadi 3, na pengine zaidi. Mzio wa gundi ya kope kwa kawaida ni wa kukawia. Neno kukawia lisiachwe katika fomu, kwa sababu mteja anayeamka salama asubuhi ya pili hudhani amevuka, kumbe bado yumo njiani.

4. Mkereketo si mzio

Si kila jicho jekundu lina mzio. Mvuke wa gundi ukimchoma mtu macho, au pedi iliyowekwa vibaya ikikwaruza utando wa jicho, mfumo wa kinga haukuhusika kwa njia ile tuliyoieleza. Kitu kikali kimegusa mahali laini, basi. Jambo hili laweza kumpata mtu yeyote, hata mara ya kwanza, nalo hutegemea wingi na ukali wa kitu chenyewe. Kemikali ikipunguzwa, hewa ikipita vizuri, na mkono wa fundi ukiwa mwangalifu, laweza lisitokee tena. Mzio haufuati masharti hayo. Mtu aliyekwisha kuwa nao, tone dogo lamtosha, na hapana mkono wa fundi unaoweza kumwokoa ila kuiacha gundi hiyo kabisa.

Kwa hiyo tofauti ya majina hapa ni tofauti ya ushauri. Mwenye kuambiwa ana mkereketo atarudi saluni kwa tahadhari. Mwenye mzio hapaswi kurudi kwa gundi hiyo hata kidogo. Fomu inayowachanganya itamrudisha asiyestahili kurudi.

Twapendekeza mkereketo kwa dhana hii. Tunajua kwamba kutokana na shina hilo limetoka neno mkereketwa la majukwaa ya siasa, lakini maana ya asili ya kukereketa, yaani kusumbua kwa kuparuza au kuchoma kama vumbi la pilipili kooni, ingali hai, na hakuna atakayechanganya ngozi na chama. Mwasho ubaki kwa hali ya kutaka kujikuna. Mchonyoto utumike kwa maumivu ya kuchoma kama chumvi kwenye kidonda, ambayo ndiyo wateja huyaeleza mvuke unapowaingia. Mteja akiulizwa "Unasikia mwasho au mchonyoto?" atajibu mara moja, na jibu lake litamfaa daktari: mwasho mkali pamoja na uvimbe huelekea kwenye mzio, na mchonyoto wa papo hapo huelekea kwenye mkereketo. Kuelekea si kuthibitisha. Uthibitisho ni kazi ya hospitali.

5. Unyeti, na mtego wa uhamasishaji

Neno nyeti limezoeleka kwa sehemu za mwili zinazohisi upesi, na siku hizi husemwa pia habari nyeti na suala nyeti. Ngozi nyeti, basi, ni ngozi inayokereketwa kwa urahisi. Unyeti ni tabia ya ngozi, si ugonjwa, wala haumaanishi mzio. Ngozi ya kigubiko cha jicho ni nyeti kwa watu wote, kwa sababu ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini.

Mtego uko kwenye neno la Kiingereza lenye shina hilo hilo, ambalo wataalamu hulitumia kwa kitendo cha mwili kujifunza kukichukia kitu. Katika ofisi zetu neno hilo limezoeleka kufasiriwa uhamasishaji, kwa sababu ndilo linalotumika kwa semina za kuwaamsha wananchi. Mfasiri asiyetulia ataandika kwamba gundi "huhamasisha ngozi", na msomaji atadhani ngozi inapewa nguvu. Twapendekeza kuingiwa na mzio. Si lazima kila istilahi iwe neno moja; kirai kinachoeleweka ni bora kuliko neno moja linalopotosha. Tutasema: "Mtu huweza kuunga kope mara nyingi bila kudhurika, kisha akaingiwa na mzio." Sentensi hiyo ni muhimu sana, kwa kuwa kope za asili hung'oka na kuota upya, na kila baada ya majuma 2 au 3 mteja hurudi kujaziwa. Kila kujaziwa ni kukutana upya na kemikali ile ile. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Ionywe pia kwamba katika maabara za hospitali jina la kigeni la kipimo cha unyeti hutumika kwa jambo jingine kabisa, yaani kujua ni dawa ipi inayoviua vijidudu vya mgonjwa. Mfasiri atazame kwanza ni ngozi inayosemwa au ni vijidudu.

6. Jaribio na kipimo

Maneno jaribio, kipimo na mtihani hutumiwa ovyo katika jambo hili. Mtihani tuuachie shule. Kati ya hayo mawili yaliyobaki, twaona yafaa tugawe kazi hivi: kipimo kiwe kile kinachofanywa na daktari kwa vifaa na viwango vinavyojulikana, jaribio la awali liwe lile linalofanywa na fundi saluni kabla ya huduma. Mgawo huu unamlinda mteja, kwa sababu akisikia "umepimwa" huamini kwamba hospitali imesema, kumbe ni saluni.

Kipimo cha daktari wa ngozi kwa mzio wa kukawia kina historia ndefu. Josef Jadassohn alikieleza mbele ya madaktari wenzake mjini Graz, nchini Austria, mwaka 1895, baada ya kubandika zebaki kwenye ngozi ya mgonjwa aliyeshukiwa kudhurika nayo. Msingi wake haujabadilika. Kiasi kidogo cha kemikali inayoshukiwa, kilichochanganywa kwa kadiri maalumu, hubandikwa mgongoni kwa saa 48. Kisha hubanduliwa na ngozi husomwa, na husomwa tena siku ya 3 au ya 4, wakati mwingine na siku ya 7. Wengine wamekiita kipimo cha kiraka. Kiraka kwetu ni kipande cha kuzibia nguo iliyotoboka, na hapa hakuna kinachozibwa. Kipimo cha kibandiko kinaeleza tendo lenyewe. Kipo kingine, kipimo cha kudunga, ambacho ngozi hudungwa kidogo juu ya tone la kizuamzio na kusomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Hicho ni cha mzio wa papo hapo, wala hakifai badala ya cha kwanza.

Jaribio la awali la saluni hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupaka tone dogo la gundi nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani. Ya pili ni kuunga kope chache tu kwenye pembe ya nje ya jicho. Baada ya hapo mteja huangaliwa kwa saa 24 hadi 48. Njia ya kwanza haimpi mteja mvuke machoni, kwa hiyo haiwezi kuonyesha atakavyokuwa akilala kwa saa mbili chini ya mkono wa fundi. Njia ya pili inakaribia zaidi kazi yenyewe, lakini kama madhara yapo yatatokea hapo hapo jichoni.

Yapasa mipaka mingine ielezwe waziwazi. Jaribio haliwezi kuufichua mzio ambao bado haujamwingia mtu. Saa 24 ni chache kwa mzio wa kukawia. Jaribio la gundi moja halisemi lolote juu ya gundi ya chupa nyingine yenye mchanganyiko mwingine, wala juu ya pedi, utepe na kiyeyushio cha kuondolea gundi. Dawa za jamii ya steroidi huweza kuficha dalili. Na yule fundi mwenyewe, anayevuta mvuke huo kila siku, naye aweza kudhurika, pengine akapata pumu. Kwa hiyo maneno kama "jaribio linathibitisha usalama wako" yasiandikwe kamwe. Tuandike: "Jaribio hupunguza hatari, haliiondoi."

7. Matokeo "chanya" ni mabaya

Hapa pana kosa dogo lenye madhara makubwa. Wataalamu husema matokeo ni chanya pale wanapokiona kile walichokuwa wakikitafuta. Wakitafuta mzio wakaupata, matokeo ni chanya. Kwa mwananchi wa kawaida, jambo chanya ni jambo jema. Na wako waliofasiri "matokeo mazuri". Mteja aliyeandikiwa hivyo atafurahi na kuendelea. Katika karatasi za wateja tuache chanya na hasi, tuseme: "Jaribio limeonyesha dalili, huduma isifanyike," au "Jaribio halikuonyesha dalili hadi saa ya 48."

8. Fundisho la mwaka 1933

Pengine msomaji atauliza kama maneno ya onyo yana uzito wa kutosha kusumbua baraza zima. Historia inajibu. Mwaka 1933 nchini Marekani rangi ya kupakia kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, iliyokuwa na kemikali ya parafenilinidayamini, iliwadhuru wanawake vibaya. Wako waliopofuka, na mmoja alifariki. Sheria iliyokuwapo tangu mwaka 1906 haikugusa vipodozi. Mambo hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyosukuma kutungwa kwa sheria mpya mwaka 1938. Sheria hiyo iliweka, kwa rangi za nywele za jamii hiyo, sharti la maneno: kibandiko cha chupa kiseme kwamba rangi yaweza kumkereketa mtu, kwamba jaribio la awali lifanywe kwanza, na kwamba isipakwe kwenye kope wala nyusi kwa kuwa yaweza kupofusha. Hivyo jaribio la awali liliingia katika sheria kwa njia ya sentensi chache zilizoandikwa barabara.

Kemikali hiyo si ngeni kwetu. Ndiyo iliyomo katika rangi nyingi za nywele nyeusi, na katika piko inayochanganywa na rangi hizo na kuchorwa mikononi na miguuni pwani yetu, kutoka Lamu hadi Unguja. Hina ya majani yenyewe haina kemikali hiyo. Mtu aliyepata malengelenge kwa sababu ya piko huenda akadhurika akipakwa rangi ya kope. Kwa sababu hiyo fomu za saluni zetu haziwezi kuwa tafsiri tupu ya fomu za ng'ambo. Fomu ya ng'ambo haiulizi juu ya piko. Ya kwetu lazima iulize.

9. Mfano wa maneno ya fomu

Tunatoa hapa mfano ambao walimu na maofisa wanaweza kuurekebisha:

(a) Je, umewahi kupata uvimbe, upele au malengelenge kwa sababu ya gundi, kucha za bandia, rangi ya nywele, piko, plasta au glovu za mpira?
(b) Je, una ugonjwa wowote wa macho au wa ngozi, au pumu? Je, unatumia dawa yoyote sasa?
(c) Jaribio la awali litafanywa kwa gundi ile ile itakayotumika, angalau saa 48 kabla ya huduma. Dalili huweza kukawia kwa siku kadhaa.
(d) Jaribio hupunguza hatari, haliiondoi. Mtu huweza kuingiwa na mzio hata baada ya kuunga kope mara nyingi.
(e) Ukiona vigubiko vimevimba au vinawasha, usizivute kope. Mrudie fundi aziondoe, na umwone daktari. Usiungwe tena kwa gundi hiyo.
(f) Gundi ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mengi, usilifikiche, uende hospitali mara moja. Uso au koo likivimba, au pumzi ikibana, usingoje.

10. Istilahi zinazopendekezwa

Jaribio la awali: jaribio la saluni linalofanywa kabla ya huduma.
Kigubiko cha jicho: ngozi inayolifunika jicho, ya juu au ya chini.
Kipimo cha kibandiko: kipimo cha daktari cha mzio wa kukawia.
Kipimo cha kudunga: kipimo cha daktari cha mzio wa papo hapo.
Kizuamzio (vi-): kitu kinacholeta mzio.
Kope za kuunga: kope za bandia zilizoungwa juu ya kope za asili.
Kope za utepe: kope za bandia zinazobandikwa zote pamoja.
Kuganda: kushika kwa gundi kwa sababu ya unyevu.
Kuingiwa na mzio: mwili kuanza kukichukia kitu uliokwisha kukutana nacho.
Mchonyoto: maumivu ya kuchoma kama ya chumvi kidondani.
Mkereketo: madhara ya kitu kikali pasipo mzio.
Mwasho: hali ya kutaka kujikuna.
Mzio: hali ya mfumo wa kinga kukishambulia kitu kisicho adui.
Ukope (kope): unywele wa ukingo wa kigubiko.
Unyeti: wepesi wa ngozi kukereketwa.

Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo. Baadhi yake zimo vinywani mwa watu tangu zamani na zinahitaji kuwekewa mipaka tu; nyingine, kama kizuamzio, zitahukumiwa na matumizi. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi nchini Tanzania umekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango, na walimu wa ufundi wanaendelea kuandaa mafunzo ya urembo. Hawa ndio watakaoamua kama maneno haya yatafika kwenye chupa na kwenye fomu. Tunawaomba wafasiri, walimu, wauguzi, na hasa mafundi wa saluni, watuletee maneno wanayoyatumia wao na kasoro wanazoziona katika haya yetu. Fundi anayemsikiliza mteja akieleza anavyosikia jichoni huenda ana neno zuri kuliko letu, nasi tutalipokea kwa shukrani.